Madoa ya Mzabibu Si ya Ukoo Mmoja

Mzabibu ukishikwa na ubwiri vinyoya, habari utaipata kwenye jani. Doa la kwanza hutokea upande wa juu, njano iliyopauka, na ukiliinua jani kulielekeza juani utaona penye doa panapitisha mwanga kana kwamba pamelowa mafuta. Geuza jani lilo hilo alfajiri, kabla jua halijakausha umande, nawe utakuta vinyoya vyeupe vimeota chini ya doa, laini kiasi kwamba ukivigusa vinabaki kwenye kidole. Wengi wakifika hapo huulizia dawa. Mimi huuliza kwanza: madoa haya yote yametoka kwa wazazi wangapi?

Swali hilo lina uzito wake. Jibu lake ndilo linalosema ugonjwa umetoka wapi, utarudi kwa njia gani mvua zijazo, na dawa uliyonunua leo itakufaa kwa muda gani. Kazi inayonilisha mimi ni ya viazi, katika maabara upande wa Kabete, na viazi ndivyo vilivyonifundisha kuuliza hivyo. Lakini kwa upande wa mizabibu swali hili limepata majibu mazuri kuliko karibu zao lolote ninalolijua, na inanisikitisha kwamba habari hizi hazisimuliwi kwa Kiswahili, hasa sasa ambapo watu wa Nairobi wameanza kupanda mizabibu kwenye ploti zao, juu ya maegesho ya magari na kando ya ua.

Kimelea chenyewe kinaitwa Plasmopara viticola. Ukikitazama utasema ni ukungu, na kwa miaka mingi hata vitabu vilikiweka huko. Kwa nasaba, hata hivyo, kiko katika kundi la oomaiseti, viumbe walio karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, ilhali za ukungu halisi zina dutu nyingine iitwayo kitini. Tena, kwa sehemu kubwa ya maisha yake kimelea hiki hubeba nakala mbili za kila jeni, moja ya kila mzazi, kama sisi. Hilo la nakala mbili naomba msomaji alishike, maana mbele litatufaa. Ndugu yake ni Phytophthora infestans, anayeleta bakajani chelewa ya viazi, yule aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na ambaye wakulima wa Nyandarua na Meru humpigia dawa kila msimu wa mvua, wakimwita blaiti basi. Ndiyo maana mtu wa viazi akisoma habari za mizabibu hajioni mgeni.

Nyumbani kwa kimelea cha mzabibu ni Amerika Kaskazini. Huko kimeishi na mizabibu ya mwituni kwa muda mrefu mno, hata wakafikia kuvumiliana: mti hauangamii na kimelea hakikosi riziki. Mzabibu wa divai, Vitis vinifera, asili yake ni upande mwingine wa dunia, na haukuwahi kukutana nacho. Wakakutanishwa na binadamu. Katika miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera, naye pia wa Amerika, alianza kuua mizabibu ya Ufaransa akishambulia mizizi. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuagiza mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake inamhimili mdudu huyo, na kupandikiza juu yake ile ya Ulaya. Miche ikaja kwa meli, shehena juu ya shehena. Mwaka 1878 ubwiri vinyoya ukaonekana Ufaransa, na haikuchukua miaka mingi ukawa umeenea Ulaya.

Kinachofuata husimuliwa sana. Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa Bordeaux, alipita Médoc mwaka 1882 akaona mizabibu ya kando ya barabara bado ina majani wakati ile ya ndani ya shamba imepukutika. Wenye mashamba walikuwa wameirushia mchanganyiko wa salfati ya shaba na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko huo kuwa dawa, na hadi leo unaitwa kwa jina la Bordeaux. Waliokulia kwenye kahawa huko Kiambu wanazijua dawa za shaba na ile rangi inayobaki majani yakikauka. Ni kisa kizuri. Lakini mimi huvutwa zaidi na upande usiosimuliwa: ni nani hasa aliyeshuka kutoka kwenye zile meli?

Jibu lilipatikana karibu karne moja na nusu baadaye. Mwaka 2021, Michael Fontaine, François Delmotte na wenzao walichapisha uchunguzi wa sampuli takriban 2,000 zilizokusanywa kwenye maeneo makuu ya zabibu duniani. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba kile tunachokiita Plasmopara viticola huko Amerika ni koo kadhaa, kila ukoo na mizabibu ya mwituni inayoupendelea. Jeni zikaonyesha kwamba ugonjwa uliotawala mashamba ya dunia umetoka katika ukoo mmoja tu kati ya hizo, ule unaoishi kwenye mzabibu wa mwituni uitwao Vitis aestivalis. Na kutoka Amerika haukwenda moja kwa moja kila mahali. Ulifika Ulaya kwanza, ukajijenga, kisha Ulaya ndiyo iliyoupeleka China, Afrika Kusini, na Australia mara mbili kwa nyakati mbalimbali. Argentina, ambayo iko bara linalopakana na Amerika Kaskazini, inaelekea iliupata kutoka Australia.

Nimeisoma ramani hiyo mara nyingi na kila mara inanigusa. Njia ya ugonjwa ni njia ya miche iliyothaminiwa. Watu walihama na mizabibu waliyoipenda, wakapeana vijiti, wakauziana, na kimelea kikasafiri chini ya mapenzi hayo hayo. Tena kilichosafiri ni sehemu ndogo ya utofauti uliopo kwao: makundi yaliyo nje ya Amerika yana utofauti mdogo wa kijeni kuliko yale ya asili. Maana yake hazina kubwa ya kimelea hiki bado iko Amerika, haijatoka. Tumeumwa hivi na ukoo mmoja. Zile nyingine bado ziko kwao.

Sasa turudi kwenye jani lenye madoa.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini hivi. Wakati wa baridi kimelea hulala kwenye majani yaliyoanguka, katika umbo la oospora, yaani chembe ngumu yenye ukuta mnene inayozaliwa baada ya dume na jike kukutana ndani ya jani. Majira ya kuchipua yakifika, oospora chache huamka, matone ya mvua huzirusha kwenye majani ya chini, na madoa ya kwanza hutokea. Baada ya hapo, wakaamini, udongo umemaliza kazi yake. Kila doa hutoa mbegu nyingi zisizohitaji mzazi wa pili, zinazoitwa sporanjia, hizo huanzisha madoa mengine, na ndani ya wiki chache shamba zima limejaa watoto wa wale wachache wa mwanzo. Ratiba za kupiga dawa zilijengwa juu ya imani hiyo: ukiwazuia wale wa kwanza, umeshinda nusu ya vita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Cesare Gessler huko ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, akiwamo Davide Gobbin, liliamua kuhesabu. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu kuliko akili nyingi. Unaingia shambani, unakata kila doa peke yake, na kila moja linapata mfuko wake na namba yake. Maabara unatoa DNA, ya jani na ya kimelea pamoja, halafu unakuza kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, sehemu maalumu za kimelea tu ziitwazo mikrosatelaiti. Hizo ni sehemu ambapo herufi za DNA hujirudia kama kigugumizi, CT CT CT, na idadi ya kujirudia inatofautiana kati ya kiumbe na kiumbe. Kwa kuwa kimelea kina nakala mbili, kila sehemu inakupa vipimo viwili. Ukichukua sehemu kadhaa, mchanganyiko wa vipimo unakuwa wa huyo mmoja na watoto wake waliozaliwa bila mzazi wa pili. Madoa kwa mbali yanafanana kama matatu za Rongai: rangi zilezile na makelele yaleyale, lakini ukisogea kila moja ina namba yake ya usajili.

Zana hiyo hiyo ya mikrosatelaiti ndiyo waliyoitumia John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1997 kuonyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Nalitaja kwa sababu lina neno la kutuambia kuhusu pande mbili za ugomvi huu. Tangu mzabibu ule wa kwanza wa Cabernet Sauvignon uote, karne kadhaa zilizopita, watu wamekuwa wakikata kijiti na kupanda, wakikata na kupanda. Ukitoa mabadiliko madogo madogo ya hapa na pale, mti unaosimama shambani leo ni yule yule. Kimelea chake, wakati huohuo, kimekuwa kikichanganya jeni kila msimu.

Walichokikuta Zürich kilipindua ile imani ya zamani. Katika mashamba waliyoyapima Ulaya, jenotaipu mpya, yaani michanganyiko mipya ya vipimo vile, hazikuisha baada ya madoa ya mwanzo. Ziliendelea kutokea wiki baada ya wiki, hadi katikati ya kiangazi. Oospora kutoka udongoni zilikuwa zinaamka kwa zamu msimu mzima. Nyingi kati ya jenotaipu hizo zilikuwa na doa moja au machache tu, zikafa bila kuzaa sana. Wachache walizaa kweli, na shamba moja lingeweza kuwa na jenotaipu moja au mbili zilizotawala madoa mengi ya mwisho wa msimu. Hata hao hawakuruka mbali. Watoto wao walionekana karibu na mahali walipoanzia, wakisogea hatua kwa hatua kutoka mti hadi mti.

Yaani shamba linaloonekana limechomwa na moto mmoja, ukilipima, ni mioto mingi midogo iliyowashwa kwa nyakati mbalimbali, na michache tu ndiyo iliyokua. Jambo hili linabadilisha kazi ya mkulima. Majani yaliyoanguka chini ya mzabibu yana uzito kuliko tulivyodhani, kwa sababu oospora zinaweza kukaa hai miaka kadhaa na kuamka lini zitakavyo. Dawa moja mapema mwanzoni mwa mvua haimalizi hesabu. Na matandazo yanayozuia matone kurusha udongo kwenye majani ya chini yana faida ambayo zamani ingehesabiwa ya wiki mbili tatu, kumbe ni ya msimu mzima.

Tulizungumze sasa lile la dume na jike, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa makala haya. Plasmopara viticola haiwezi kujipa mimba yenyewe. Ina aina mbili za kupandana, ziitwazo P1 na P2, na oospora huzaliwa pale tu ambapo P1 na P2 wamekutana ndani ya jani moja. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walitambua sehemu ya DNA inayoamua aina hizo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa oomaiseti yoyote. Mahali penye aina moja tu, ugonjwa unaweza kuenea kwa sporanjia, lakini hauwezi kuacha oospora udongoni, wala hauwezi kuchanganya jeni zake.

Viazi vya Kenya vinaonyesha jambo hilo waziwazi. Bakajani chelewa hapa ilitawaliwa muda mrefu na ukoo mmoja uitwao US-1, kisha ukaingia mwingine wenye asili ya Ulaya, 2_A1, ukaufukuza ule wa kwanza. Koo zote mbili ni za aina moja ya kupandana, A1. Kwa hiyo mtu wa maabara akipokea majani ya viazi kutoka Kinangop na mengine kutoka Meru, hupata namba zinazofanana au zinazokaribiana sana. Ugonjwa bado ni mkali, sisemi kwamba ni wa mchezo. Lakini ni adui mmoja, unamjua tabia, na unaweza kuchagua dawa na mbegu ukijua unapigana na nani. Ingekuja A2, aina ya pili ya kupandana, ikakaa pamoja nao, kila shamba lingekuwa na watoto wake wapya kila msimu.

Kwa nini watoto wapya ni hatari? Turudi kwenye zile nakala mbili. Kuna dawa inaitwa mandipropamidi, inayozuia kimelea kujenga ukuta wake wa selulosi. Usugu dhidi yake hutokana na badiliko dogo katika jeni moja, lakini badiliko hilo ni dhaifu mbele ya nakala nzima: kimelea chenye nakala moja iliyobadilika na moja ya kawaida bado kinakufa ukikipiga dawa. Ili kiwe sugu lazima kirithi badiliko hilo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Bila kupandana, nakala hizo mbili ni vigumu sana kukutana. Kukiwa na kupandana, ni suala la muda tu, na Ulaya muda huo ulikwisha kufika. Dawa za kundi la strobilurini zilishindwa kwa njia nyingine: badiliko la herufi moja kwenye jeni ya mitokondria, sehemu ya seli inayotoa nishati, ambayo haihitaji nakala ya pili, na usugu ukaenea Ufaransa na Italia ndani ya miaka michache mwishoni mwa miaka ya 1990. Metalaksili, ambayo agroveti za Nairobi zimeiuza miaka mingi ikiwa imechanganywa na mankozebu, ilikutana na usugu wa kimelea hiki Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hata mizabibu iliyozalishwa kwa makusudi iwe na kinga inaonja hayo. Aina za Regent na Bianca zina jeni ya kinga iitwayo Rpv3, iliyotoka kwa mizabibu ya Amerika. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kimepatikana kimelea kinachopenya kinga ya Bianca. Baadaye ikaeleweka kilichofanyika: kimelea kilikuwa kimepoteza vipande vya DNA vyenye jeni ambazo mzabibu ulizitumia kumtambua adui. Kimefuta kitambulisho chake mwenyewe, na kimefanya hivyo zaidi ya mara moja, mahali mbalimbali, kwa vipande tofauti. Ndiyo sababu aina nne zilizoidhinishwa Ufaransa mwaka 2018, Artaban, Floreal, Vidoc na Voltis, zilipewa jeni za kinga zaidi ya moja kila mti. Naona huo ni uamuzi wa busara. Lakini ni busara ambayo kimelea chenye utofauti mkubwa kinaweza kuipunguza nguvu, jeni kwa jeni, ikiwa tutakipa nafasi ya kuchanganya.

Na Nairobi je? Zabibu nyingi tunazokula hapa huja kutoka Afrika Kusini na Misri, na ukizikuta kwenye toroli mjini au kwenye rafu ya supamaketi huwezi kujua zimepigana na nini. Naivasha na Yatta kumewahi kupandwa mizabibu ya divai. Wenzetu wa Dodoma wamepanda zabibu miaka mingi, na ukame wao unawasaidia, maana ubwiri vinyoya ni ugonjwa wa jani lililolowa. Nairobi haina bahati hiyo. Wakulima wa Italia wana kanuni ya kumi tatu: joto lisilopungua nyuzi 10, mvua ya milimita 10, na vichipukizi vya sentimita 10, hapo utegemee ugonjwa. Aprili yetu inatimiza zile mbili za kwanza bila shida, na mzabibu usiopogolewa vizuri una vichipukizi wakati wowote. Hakuna baridi ya kuangusha majani yote kwa pamoja. Kimelea kinaweza kupita kutoka jani bichi hadi jani bichi mwaka mzima bila kulala.

Jirani yangu hapa Uthiru ni mwalimu mstaafu mwenye mzabibu uliotanda juu ya lango lake. Mvua ndefu ilipochacha aliniletea jani lililofungwa kwenye gazeti. Nilikwangua vinyoya kidogo, nikaviweka kwenye kioo chenye tone la maji ya baridi, nikamwekea hadubini. Kwanza aliona matawi membamba yanayogawanyika kwa pembe mraba, na kwenye ncha zake sporanjia zenye umbo la ndimu. Tukanywa chai. Tuliporudi, sporanjia kadhaa zilikuwa zimepasuka na maji yamejaa zoospora, chembe ndogo za uzazi zilizotoka ndani yake, zinazokwenda huku na huko kwa mikia yao miwili.

"Kumbe zinaogelea!" akasema, bila kuinua jicho. "Zinatafuta nini?"

"Tundu la jani la kupumulia, Mwalimu. Zikilipata zinasimama, zinaacha mikia, zinaingiza mrija ndani. Usiku mmoja wa jani kulowa unazitosha."

"Na hizi zote ni ndugu?"

Katika miaka yangu ya kazi sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikamweleza kwamba zilizotoka kwenye doa moja kwa kawaida ni mapacha, ila mara chache doa moja hubeba wawili. Za doa la pili zinaweza kuwa za mama huyo huyo au za mtu mwingine kabisa, na jicho haliwezi kusema. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kilichomleta hasa. Binti yake anaishi mashariki mwa Marekani, na Desemba anakuja nyumbani. Nyuma ya nyumba yake huko kuna mzabibu wa asili unaozaa bila kupigwa dawa yoyote. Amepanga kumletea baba vijiti viwili vitatu kwenye begi.

"Mwalimu, tafadhali asivibebe."

"Ni vijiti vikavu tu, mwanangu. Havina hata jani."

Nilimjibu kwa upole, kwa sababu nia yake ilikuwa njema na hoja yake ya kinga ilikuwa ya kweli: mizabibu ya kule inavumilia ugonjwa kwa kuwa imeishi nao. Hilo hilo ndilo tatizo. Mashariki mwa Marekani ndiko kwenye utofauti wote wa kimelea hiki, koo zote, P1 na P2. Kimelea kinaweza kujificha ndani ya macho ya kijiti yaliyolala, na oospora hushikamana na vumbi la majani makavu na udongo. Mzabibu wenye afya ya kupendeza unaweza kuwa mbebaji mzuri kuliko mgonjwa, maana hakuna atakayeukagua. Na kimelea kimoja chenye aina ya kupandana isiyokuwapo mtaani kinatosha kuanzisha kizazi cha oospora chini ya lango la Uthiru, na kutoka hapo kwenda popote vijiti vya Mwalimu vitakapogawiwa, naye ni mtu wa kugawa.

"Basi niache mzabibu wangu ufe?"

Hapana. Mzabibu wake ulihitaji kupogolewa ili upepo upite, majani yaliyoanguka yakusanywe yachomwe au yafukiwe mbali, na kijana wa shamba aache kuumwagilia kwa mpira juu ya majani jioni. Shaba ipigwe kabla ya mvua, upande wa chini wa jani ukifikiwa vizuri na pampu, kwa sababu zoospora huingilia huko. Na kama bado anataka vijiti vya binti yake, njia ipo. Kibali cha kuingiza mimea kinaombwa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kabla kijiti hakijakatwa, kijiti chenyewe kinakuja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi kinakotoka, na kituo cha karantini ya mimea kiko Muguga, si mbali na kwake. Najua watu huona hayo ni usumbufu wa serikali. Mimi nimeona kwenye mashine yangu jinsi ukoo mmoja mpya wa viazi unavyoufuta wa zamani, na nawaomba kwa dhati mnaosoma haya msipite uwanja wa ndege na kijiti chochote kwenye begi, kiwe cha mzabibu, cha waridi au cha mtini.

Mwalimu alimpigia binti yake palepale. Huko kwao ilikuwa bado usiku, na alimwamsha.

Kuna jambo moja zaidi ningependa lifanyike, na halihitaji fedha nyingi. Mashine za kusoma mikrosatelaiti zipo Nairobi. Ndizo tunazopimia viazi, na wenzetu hupimia mihogo na migomba. Majani ya mzabibu yanaweza kupita humo humo. Kama una mzabibu mjini au pembezoni na umeona madoa, kusanya mwanzoni mwa mvua na tena mwishoni, ili ionekane kama jenotaipu mpya zinaendelea kutokea au ni zile zile zinazojirudia. Kata doa likiwa bado bichi, asubuhi, pamoja na ukingo mdogo wa jani lililo zima. Liweke kwenye karatasi kavu, maana kwenye plastiki litaoza. Andika tarehe, mtaa, na mti ulitoka wapi, hasa kama ni kijiti cha kupewa, na aliyekupa naye alikipata kwa nani. Kisha upeleke kwa wataalamu wa afya ya mimea walio karibu nawe. Kila doa na bahasha yake. Usiweke mawili pamoja hata yakiwa ya jani moja.